Bakuli Tulilolijaribu kwa Maji Baridi

Majani ya chai ya Anti Lian yalinukia kama karanga zilizosahauliwa kidogo kwenye kikaango, halafu mtu akakimbia kuziopoa kabla hazijaungua. Jioni, upepo ulipopanda kutoka bondeni, harufu hiyo ilitoka kwenye nyumba ndogo ya uani, ikapita chini ya kamba ya kuanikia nguo, ikaingia jikoni kwetu na kukutana na chai ya Mama, chai nzito ya maziwa na tangawizi iliyochemshwa mpaka ikaota ngozi juu. Harufu hizo mbili zilikaa pamoja kama wageni wawili kwenye kochi moja ambao hawajuani lugha. Tuliishi Kagarama, mtaa wa Kigali, kwenye mteremko ambako kila nyumba hutazama paa la nyumba ya chini yake, na mvua ikinyesha unasikia mabati ya mtaa mzima yakijibizana. Nyumba ya uani Baba aliijenga kwa ajili ya kupangisha. Wapangaji walikuja na kuondoka, na sikumbuki sura zao. Anti Lian namkumbuka mpaka namna alivyokuwa akivua viatu, kwa kukanyaga kisigino cha kimoja kwa ncha ya kingine, huku mikono imejaa mifuko.

Alikuwa Mchina kutoka Fujian, mkoa ambao kwa maelezo yake una milima kama yetu na chai nyingi kuliko yetu. Kabla ya kuja Kigali alikuwa ameuza vigae vya sakafu Kariakoo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kabisa, chenye "bwana wee" na "acha masihara." Mtaani petu, ambapo watu wengi walijifunza Kiswahili ukubwani na kukichanganya na Kinyarwanda, Mchina huyu alionekana Mswahili kuliko majirani wote, ukimtoa Mama peke yake, kwa sababu Mama alizaliwa Tanga. Baba ni Mnyarwanda aliyekulia Bukoba. Hivyo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu, na Anti Lian aliipanga nyumba ya uani, nadhani, kwa sababu siku alipokuja kuiangalia alimsikia Mama akimgombeza kuku kwa Kiswahili safi.

Mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Nasema hivyo bila kujionea haya kwa sababu hali hiyo haijaniacha, na anayenifahamu sasa atajua tu kwamba haikuanza jana. Nikikosea herufi moja katika ukurasa, niliuchana ukurasa wote. Viatu vya nyumba nzima nilivipanga mlangoni, visigino ukutani, na mgeni akivipangua wakati wa kutoka nilisubiri aende nivipange upya. Mama alinitazama kwa huruma iliyochanganyika na uchovu. Baba alinitania: "Keza, ukifa, utaamka kwanza kunyoosha sanda." Nilicheka, lakini usiku niliwaza kama sanda huwa inanyooshwa vizuri kweli.

Msimu ninaotaka kuusimulia ulianza na simu. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, vumbi jekundu limeanza kukaa juu ya majani ya migomba, na mimi nimefunga shule. Anti Lian alikuja jikoni kwetu akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema baba yake anakuja kumtembelea. Mama akapiga vigelegele. Anti Lian hakucheka.

"Dada, usishangilie," alisema. "Anakuja kukagua."

Ndipo akaeleza. Baba yake alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na tangu mwanzo hakupenda binti yake aishi mbali. Kila Jumapili kwenye simu alimuuliza anaishije, naye Anti Lian, ili mzee asiwe na wasiwasi, alimwambia kwamba anaishi vizuri, ana majirani kama ndugu, na kila jioni anatengeneza chai kwa utaratibu wa kwao, kama marehemu mama yake alivyokuwa akifanya, akiwa na watu kuizunguka meza. Kwao, alisema, mtu anayepata muda wa kutengeneza chai hivyo ni mtu ambaye maisha yake yamekaa sawa. Ukweli ni kwamba vyombo vyake vya chai vilivunjika njiani wakati wa kuhama kutoka Dar es Salaam, na tangu hapo alikuwa akitupia majani kwenye kikombe cha plastiki chenye mfuniko, akimimina maji ya moto, na kunywa peke yake akiwa amekaa mlangoni. "Baba akiona naishi ovyo atasema turudi," alisema. "Na mimi akisema mbele yangu, siwezi kumkatalia. Kwenye simu naweza. Mbele yake siwezi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa stoo na nilisikia kila kitu. Sikutaka Anti Lian aondoke. Yeye ndiye mtu mzima pekee ambaye hakunicheka kwa kupanga viatu. Vyake mwenyewe alivipanga vivyo hivyo. Nilitoka nyuma ya mlango nikasema kwamba mimi nitavitafuta hivyo vyombo. Mama alitaka kunifukuza, lakini Anti Lian alitoa simu yake akanionyesha picha ya meza ya mama yake, ya zamani, yenye rangi zilizofifia. Akaanza kunitajia kitu kimoja kimoja, na mimi nikavimeza vyote kama mtoto wa madrasa anavyomeza sura.

Kulikuwa na bakuli dogo jembamba lenye kifuniko na kisahani, ambalo aliliita gaiwani. Humo ndimo majani yanamotiwa maji, na chai inamiminwa kupitia upenyo mdogo unaoachwa kati ya kifuniko na ukingo. Kulikuwa na jagi dogo, ambalo alisema kwao linaitwa chombo cha haki, kwa sababu chai yote hutiwa humo kwanza ichanganyike, ndipo igawiwe, ili asiwepo anayepata maji matupu na mwingine akapata uchungu wote. Jina hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Kulikuwa na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kulikuwa na sinia la mbao lenye matundu, maana chai hiyo inamwagwa sana, na maji ya kwanza ya kuoshea majani hayanywewi. Kisha kulikuwa na kibano, kijiko cha mianzi, sindano ya kuzibulia mdomo wa birika, na kando kabisa ya sinia, chura wa udongo. Nilimuuliza chura anafanya nini. Akasema hafanyi kitu, ni rafiki wa chai tu. Humwagiwa chai kila siku, na kadiri miaka inavyokwenda anang'aa.

Wiki zilizofuata nilizihisi kama kazi ya ofisi. Vikombe vilipatikana kwanza, na vilikuwa ndani ya kabati letu: vikombe vya kahawa ambavyo Mama alikuja navyo kutoka Tanga, vile vya kunywea kahawa chungu kwa tende, vidogo kama ganda la yai. Anti Lian alikigeuza kimoja juu chini, akaona mhuri wa maandishi ya Kichina kwenye kitako, akacheka mpaka akashika meza. Vilitoka kwao, vikaenda Tanga, vikapanda basi mpaka Kagarama, vikamsubiri. Alinifundisha kuvipima. Unakipiga kikombe kwa ukucha, ukikisikiliza. Kizima kinalia kama kengele ndogo, chenye ufa usioonekana kinajibu kwa sauti ya mafua. Unakitia maji ukakiangalia ndani, kwa sababu lazima kiwe cheupe, rangi ya chai ionekane. Nilivipiga vyote mpaka Mama akaomba amani.

Bakuli lilitusumbua. Tulizunguka soko la Kicukiro, Mama, Anti Lian na mimi, na kila muuzaji wa vyombo alitutolea bakuli la supu. Mmoja, mama mnene mwenye kitenge cha njano, alimpungia Anti Lian bakuli la udongo mweupe.

"Angalia, dada, hii iko nguvu sana! Ukiangusha, sakafu ndiyo inalia."

"Basi iangushe tuone," Mama akamwambia.

"Aa, mama, hapana. Mimi niko naonea huruma sakafu."

Ni kwake huyo tulikopata hatimaye bakuli la sukari, dogo, jeupe, lenye kifuniko na kisahani, ambalo kwa mbali ungeapa ni lile la kwenye picha. Mimi ndiye niliyeliona, chini ya rundo la vijiko. Tuliomba maji kwenye jagi lake. Anti Lian akalishika kwa vidole vitatu, viwili ukingoni na cha shahada juu ya kifuniko, akaliinamisha, na maji yakashuka kwenye uzi mmoja mwembamba bila kudondoka pembeni. Akarudia. Uzi uleule. Wauzaji wa jirani walisogea kutazama. Nilihisi kama nimefaulu mtihani wa taifa. Hakuna hata mmoja kati yetu, wala yeye aliyezaliwa katikati ya chai, aliyekumbuka kwamba tumelijaribu kwa maji baridi.

Sinia lilitoka Masaka, pembezoni mwa Kigali. Baba alinipeleka Jumamosi kwa fundi seremala aliyetengeneza vitanda na mabanda ya kuku kando ya barabara, mashamba ya mihogo nyuma yake na nyumba mpya zikichipuka katikati ya mihogo. Nilimwelezea kwa mikono: mbao nyembamba, nafasi katikati, maji yapite, bati chini yake. Fundi alisikiliza, akamwambia Baba kwa Kinyarwanda kwamba mtoto wako anataka kichanja cha vyombo cha wanasesere. Kumbe ndivyo kilivyokuwa, kichanja cha vyombo kidogo. Alikikwaruza vizuri mpaka kikawa laini. Kijiko cha mianzi alikichonga Baba mwenyewe. Kibano nilikitengeneza kwa vipande viwili vya mwanzi na mpira. Badala ya sindano, mama mmoja msusi wa vikapu, jirani wa fundi, alinipa uruhindu wa zamani, ule msumari mwembamba wa kutobolea vikapu. Jagi la haki lilikuwa chupa ya kioo yenye mdomo uliochongoka, ya kuwekea maziwa mezani.

Baba alivitazama vyote vikiwa vimepangwa juu ya kitambaa. "Hivi ni vya kutengenezea chai au vya kung'olea meno?" aliuliza. Kisha, kwa upole zaidi, "Mchagua jembe si mkulima, Keza." Niliielewa methali hiyo na sikuipenda. Nilikuwa na hakika kwamba mkulima akikosea jembe, shamba lote limekosea.

Kilibaki chura. Sikutaka chura. Nilitaka ng'ombe, na nikamfinyanga kwa udongo tuliouleta kutoka bondeni Masaka, ng'ombe wa pembe ndefu zilizopinda kama mikono ya mcheza ngoma. Nilimfanya na kumvunja na kumfanya tena, na aliyebaki nilimkausha juani juu ya ukuta kwa siku nyingi, nikimgeuza kama mkate. Alikuwa mgumu, mwekundu, mzuri. Sikujua, na hakuna aliyenifundisha, kwamba udongo usiopita motoni haujasahau kuwa ulikuwa tope.

Siku ya mzee kufika, Mama na mimi tulisugua vyombo. Mama ana imani moja kuhusu wageni, kwamba chombo kisipong'aa, heshima haijafika. Tulitumia majivu na limau. Kifuniko cha bakuli kiling'aa mpaka nikaona pua yangu. Tuliviweka juu ya sinia kwenye kibaraza cha nyumba ya uani, nikavipima nafasi kwa kidole, nikasogea nyuma, nikarudi nikasogeza kikombe kimoja upana wa punje ya mchele.

Mzee alikuwa mfupi, amenyooka, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Alitusalimu kwa kuinamisha kichwa. Mama alimwamkia "Shikamoo, Babu," naye Anti Lian akamfundisha kujibu "Marahaba," na hapo mzee alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likarudi ndani. Tulikaa. Birika lilikuwa likichemka kwenye jiko la mkaa. Anti Lian akaweka majani, akamimina maji yanayotokota, akafunika, akashika bakuli kwa vidole vitatu kama alivyofanya sokoni.

Niliona uso wake kabla ya kuelewa. Bakuli la sukari lina ukingo mnene, uliosimama wima. La chai lina ukingo uliofunguka kwa nje kama ua, ili vidole vikae mbali na joto. Tulikuwa tumeliangalia mara nyingi kwenye picha na hatukuliona hilo. Alijikaza. Nusu ya chai ikaingia kwenye jagi, nusu ikamwagika kwenye sinia, kifuniko kikalia kwenye bati. Akaviweka vidole kwenye sikio lake, kama afanyavyo mtu aliyeungua, na akabaki ameinama.

Mzee alilivuta sinia mbele yake, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno. Akachukua kibano changu, akakitazama, akakiweka kando. Akachukua uruhindu, akaunusa, akauweka kando. Kijiko cha mianzi, kando. Kila kilichowekwa kando nilikihesabu. Vilibaki bakuli, jagi na vikombe, na ng'ombe wangu, ambaye alimgeuza kwa kidole na kumwacha pale alipokuwa. Moyo ukanirudi. Kisha akalifuta bakuli kwa kitambaa na kulitazama ndani, kwa muda mrefu, akipitisha kidole gumba ukingoni. Akasema neno fupi. Anti Lian hakutafsiri, lakini baadaye nilijua alisema nini: "Jipya." Chombo kinachotumika kila jioni kinapata rangi ya chai, ukingo unapata mstari wa kahawia ambao hata mkitaka hautoki. Sisi kwa majivu na limau tulikuwa tumempa mzee ushahidi unaong'aa. Njia ya mwongo ni fupi, na sisi tulikuwa tumeifagia.

Akatia majani mengine. Vidole vyake vilishika ule ukingo mnene kana kwamba ni wa baridi. Maji ya kwanza, yale yasiyonywewa, alimmwagia ng'ombe, taratibu, kuanzia kichwani. Pembe moja ikadondoka. Halafu ya pili. Kisha mgongo ukalegea, miguu ikafunguka, na mbele ya macho yetu sote ng'ombe wangu akalala chini akawa uji mwekundu unaopita kwenye matundu ya sinia. Nilitamani niwe mimi ninayepita kwenye matundu yale.

Ndipo mzee akagawa chai, na Mama akaingia kazini. Akakinywa kikombe chake chote, kama alivyolelewa. Tanga, mgeni hasazi. Mzee alipoona kikombe kitupu, akakijaza. Mama akashukuru, akanywa mpaka tone la mwisho, akakiweka. Mzee akakijaza. Baba aliacha chake nusu akawa anachezea funguo, nami sikuweza kumeza kitu, kwa hiyo ilibaki vita kati ya wawili hao. Kila Mama alipomaliza, mzee alimimina. Kila mzee alipomimina, Mama alimaliza. Maji yakaisha kwenye birika, Anti Lian akaongeza mengine. Mzee akaanza kuchangamka. Akakunja mikono ya shati. Mama paji la uso lilikuwa likimtoka jasho, lakini akatabasamu kwa adabu kubwa, akavinywa kimoja baada ya kingine, huku akibadilisha mkao. Mwishowe akamwinamia Anti Lian.

"Mdogo wangu, nakuomba kwa jina la Mungu. Mwambie baba yako nimeshukuru, ila kibofu changu si pipa."

"Sasa Dada, kwa nini unamaliza?"

"Si ananijazia!"

"Anakujazia kwa sababu unamaliza! Kwetu kikombe kitupu ni kuomba. Ukitosheka unakiacha kimejaa."

"Yarabi! Kwetu ukikiacha kimejaa, mwenyeji anajiuliza umeona nzi."

Anti Lian akacheka. Hakuwa amecheka tangu ile simu. Alicheka huku vidole vyake vilivyoungua vimeshika kikombe cha baridi, akamweleza baba yake, na mzee naye akapiga goti lake kwa kiganja na kutoa sauti ambayo sikutegemea itoke kwa mtu aliyefunga kifungo cha shingo. Mama alikimbilia chooni, sisi tukacheka zaidi. Aliporudi, mzee alikuwa amekwisha kutulia. Alimuuliza Mama swali kupitia kwa binti yake, na Anti Lian alichelewa kulitafsiri. Alitazama mkaa. Angeweza kutafsiri kitu kingine, sisi tusingejua.

"Anauliza kama huwa unakuja kunywa na mimi hivi kila jioni," alisema.

Nilimtazama Mama. Neno moja lingetosha, "ndiyo," na Anti Lian angebaki. Nililisukuma neno hilo kwa macho yangu yote. Mama akakaa, akatandaza kanga yake magotini.

"Mwambie hapana," alisema. "Mwambie unakunywa peke yako mlangoni, kwenye kikombe cha plastiki, na mimi nakuona kwenye dirisha langu la jikoni, na sijawahi kuja. Nilifikiri mtu akikaa kimya anataka kukaa kimya. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nimekuwa na mgeni uani mwaka mzima na sijapona chochote. Mwambie kuanzia kesho nakuja."

Anti Lian alitafsiri. Ilichukua muda mrefu kuliko maneno ya Mama, na katikati sauti yake ilibadilika, akasimama kidogo, akaendelea. Mzee alisikiliza akiangalia mikono yake. Nilisubiri aseme lile neno la kurudi nyumbani. Alinyoosha mkono, akamwaga majani yaliyochoka, akatia mapya, na badala ya kuvuta bakuli kwake, akalisukuma mbele ya Mama.

Alikaa nasi kwa majuma kadhaa. Kila jioni Mama alivuka uwanja akiwa na kanga begani, na mzee akamfundisha kwa ishara, na Mama akaungua, akapiga kelele, akaungua tena. Nilikaa kati yao na nilijifunza kuangalia. Siku ya kuondoka, kwenye uwanja wa ndege, mzee alimwambia binti yake mambo mawili ambayo Anti Lian alitutafsiria tukiwa njiani kurudi: kwamba vilima vya Kagarama vimemmaliza magoti, na kwamba Mama anashika kifuniko kama mtu anayemnyonga kuku. Kuhusu kurudi hakusema kitu. Anti Lian aliishi uani kwetu mpaka nilipofika sekondari, kisha kazi ikamhamisha nchi nyingine, kama kazi inavyohamisha watu, bila mchezo wowote wa kuagana. Yeye na Mama bado wanatumiana sauti kwenye simu, ndefu, zenye kelele za jikoni za pande zote mbili.

Sasa naishi peke yangu Kacyiru, chumba na sebule, karibu na ofisi ninakofanya kazi. Chai nimejifundisha mwenyewe, kwa video na kwa kuharibu. Nina gaiwani halisi, ukingo wake umefunguka kama ua. Nina mizani ya kupimia majani, kipimajoto, kichujio cha shaba, sinia la mwanzi mweusi lenye bomba la kutolea maji, birika la udongo wa zambarau ambalo lina chai yake moja tu na halijawahi kuonja nyingine. Meza ya mama yake Anti Lian, ile ya kwenye picha, ilikuwa maskini mbele ya yangu. Na lazima nikiri kwamba tangu nivinunue, hakuna mtu mwingine aliyevinywea. Mara sijapata maji yafaayo. Mara vikombe havijafanana rangi kama nilivyodhani dukani. Nimewahi kumwalika dada mmoja wa kazini, nikaahirisha asubuhi yake kwa kusema naumwa, kisha nikatumia siku nzima kupanga rafu.

Nikikilinganisha kibaraza kile na sebule hii, sioni kwamba zamani ilikuwa bora. Chai ya siku ile, nikiwa mkweli, ilikuwa mbaya. Nusu yake ilikuwa na tope. Ninachokionea wivu ni kwamba Anti Lian alifumaniwa. Alifumaniwa mbele ya mtu ambaye hukumu yake aliiogopa kuliko zote, vidole vimeungua, vyombo vimemsaliti, jirani amesema ukweli wote, na jua likazama kama kawaida, na kesho yake alikunywa chai na watu. Mimi nimeyapanga maisha yangu yote yasifumaniwe, na nimefaulu sana.

Juzi niliwaandikia wenzangu watatu wa ofisini. Niliandika kwamba Jumapili naomba waje nyumbani, nitengeneze chai ya Kichina, na kwamba naijua nusunusu, huenda nikamwaga. Nikaufuta ujumbe. Nikauandika tena bila yale maneno ya kumwaga, nikauona ni wa uongo, nikayarudisha, nikatuma, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza na kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Niliporudi, mmoja alikuwa amekwisha kujibu kwa niaba ya wote.

"Hata sisi hatuijui," aliandika. "Tuje saa ngapi?"